"Mama, nilikosa nini?"

Siku moja mangaribi nilimwambia mutoto yangu ya pili, ule wa miaka 9, enda uniletee Biblia pale juu ya kabati. Hakuenda. Alisimama tu, akaniangalia, akaniuliza na sauti ya chini: Mama, nilikosa nini?

Hakukosa kitu. Nilitaka tu kuangalia mustari yenye pasta alisoma siku ya yenga (jumapili), ju haikunitoka mu kichwa. Lakini ile swali ilinipiga, nikakaa chini, mboga ya sombe ikaungulia ku mbabula (jiko ya makala) na mimi niko naiangalia tu.

Niwaelezee vile ilifika pale. Mimi niliona mu nyumba yangu fimbo haisaidie, batoto banapigwa leo na kesho banarudilia, basi nikajiona mama wa akili mingi sana, nikasema adabu ya hapa itakuwa Zaburi 119. Mwenye anajua Biblia anacheka tayari. Njo sura ndefu kupita zote, mistari 176, imekatwa mafungu 22 ya mistari 8 8. Ukivunja kikombe, unaandika fungu moja mu kaye (daftari). Ukipigana na dada yako, mawili. Ukisema uongo, matatu na kulala mapema. Kijana yangu alikuwa amefika mistari 40 na zaidi, kaye ya masomo ya mwaka ule mwingine njo ilikuwa inaishia pale, na mimi nikawa naelezea banamama benzangu ku soko kama batoto bangu banakuwa mu Neno. Banamama balinisifu kabisa.

Nyuma ya ile swali nilimuuliza, mu ile yote uliandika, unakumbuka mustari gani? Hakukumbuka hata moja. Alikumbuka vile mukono ilimuuma.

Sasa hapa njo nataka kusema maoni yangu, na najua kuko batakasirika. Sisi bazazi ba Goma tunapenda sana batoto bajue Mungu, lakini tunaibeba Biblia sawa vile polisi anabeba fimbo yake. Mutoto akikosa, mustari. Akikataa kula, mustari. "Waheshimu baba yako na mama yako" tunaijua bote, na mara mingi inatoka mu kinywa wakati mama amechoka. Ile nyingine ya Paulo yenye inafuata nyuma, kama bababa basichokoze batoto bao, Waefeso 6:4, ile sijaisikia ku nyumba hata ya mutu mumoja, na yangu pia ni ndani.

Na si kama muji yetu inakosa maombi! Asubui sana kuko maombi, saa sita kuko maombi, usiku kuko mukesha, haut-parleur ya kanisa moja inashindana na ya lingine mpaka unajua mahubiri ya jirani bila kutoka mu kitanda. Lakini mu nyumba yenyewe? Tunasema ekodimu, masomo ya Biblia ya batoto ku kanisa, itafanya. Ekodimu ni saa moja siku ya yenga, na juma iko na masaa 168. Mwalimu wa ekodimu ni kijana wa watu, anajitolea, iko na batoto benye kupiga kelele mu chumba moja, banaimba, banarudi nyumbani. Mimi namushukuru sana, lakini hawezi kubeba kazi yangu ku mugongo yake.

Musa alisema kazi iko ya nani. Kumbukumbu la Torati 6:7, "nawe uwafundishe watoto wako kwa bidii, na kuyanena uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo." Siku niliwasomea hii, ule wa mwisho, wa miaka 5, akauliza: Uketipo ni karibu na Sake? Alizani ni jina ya muji, sawa Sake, muji mudogo karibu na Goma. Tulicheka mpaka machozi, lakini nyuma nikaona kama si ya kuchekesha tu. Batoto betu nyumbani banasema hii Kiswahili yetu, ku masomo ni Kifaransa, kwa tate yao mwanamuke (bibi yao) ni Kinande, alafu unafungua Biblia yenye iko mu Kiswahili bora, "akanena", "hata ikawa", "enendeni", unasoma sura muzima haraka haraka, unafunga, amina. Mutoto alisikia nini pale? Alisikia mama anasoma.

Kwa hiyo mimi nasoma vile imeandikwa, alafu naifunga naielezea mu Kiswahili yetu ya Birere, kartie ya hapa Goma, na matendo ya mikono na sauti za batu. Muzee mumoja wa kanisa aliniambia kama ile ni kukosea Neno heshima. Muzee, kwa heshima yote, soma Nehemia 8:8. Balawi balisoma torati mbele ya batu, alafu bakaeleza maana yake mpaka batu bakaelewa. Bangesomaka tu na kwenda, ile siku watu hawangelia.

Sasa mambo ya kufanya kila siku. Mimi nilijaribu ule mupango wa kusoma Biblia yote mu mwaka moja, sura 1189, ni sawa sura 3 ao 4 kila siku. Mara mbili nilijaribu, na mara mbili nilikufia mu Walawi, mwisho wa mwezi wa kwanza, pale pa ngozi na ukoma na nani ni safi nani si safi. Na ukianguka siku tatu, siku ya ine uko na sura 13 zinakungoja kama deni ya duka, unaona ata haya ya kuifungua. Sikatae, kuko benye banaweza. Mimi natoka nyumbani mapema kuenda ku soko ya Virunga, nauzisha bikwembe (bitenge), narudi na miguu imevimba, na kama umeme imekatika tunafanya yote na tochi ya telefone yenye iko na chaji kidogo.

Kitu yenye ilishika ni kidogo mpaka inaniletea haya kuiandika: tunasoma wakati maji ya bugali inangoja kuchemuka. Basi. Kila siku tunakula bugali, kila siku ile maji lazima ichemuke, na wakati makala ni mabichi inachelewa zaidi na tunasoma zaidi. Mistari 10, mara zingine 6. Tulianza na Marko ju ni fupi, sura 16, na Yesu wa Marko anatembea haraka, kila mara "mara", "mara hiyo", batoto banapenda. Kwa mistari 10 ni miezi mbili na kidogo, sisi ilitukula mine, ju kuko siku bageni balikuwa, siku nililala na viatu, siku hatukukuwa na bugali pia. Siku tulikosa hatukulipa. Kesho yake tunaendelea pale tulifikia, hakuna deni.

Baba yao mwanzo hakufurahi. Yeye ni mutu wa korali, alisema hii si maombi, hakuna wimbo, hakuna kusimama, mutoto anasikiliza akiwa anachambua maharagi. Nikamwambia basi anza wewe wimbo. Sasa anaimba, na bugali inakuwa na bipande bipande ju mimi njo nasongea huku naitikia.

Kitu nilishangaa ni vile Goma yenyewe inafundisha. Tulifika pa mupanzi, Marko 4, mbegu yenye ilianguka penye mwamba pasipokuwa na udongo mwingi. Nilikuwa najitayarisha kuelezea, dada mukubwa akanikata: Mama, ni hapa kwetu. Na kweli ni hapa kwetu! Parsele yetu ni mawe meusi ya volkano, tulipanda maharagi nyuma ya choo, yakatoka haraka, siku mbili za jua yakakauka. Yesu aliisema kabisa, jua lilipozuka ikaungua. Mutoto wa muji mwingine angehitaji mapicha. Wetu waliangalia tu mulango.

Lakini ile mawe iko na maneno mengine ndani yake. Tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021, siku ya posho (jumamosi) usiku, volkano ya Nyiragongo ilitoka, na nyuma ya siku chache tukaambiwa tutoke mu muji, tarehe 27, tukaenda Sake na batu wengine wengi, kilometa karibu 25, matandiko ku kichwa. Mukubwa wangu alikuwa na miaka 7. Hakulia njia yote. Sasa, mwaka jana, tukasoma Sodoma, Mwanzo 19, moto na kiberiti kutoka mbinguni, na yeye akaniuliza kama hivi mutu anauliza bei ya nyanya: Mama, sisi tulifanya nini?

Nilikaa kimya. Ju mimi mwenyewe nilisikia bahubiri wakati ule, banasema volkano ni azabu ya zambi za Goma, na sikusema kitu, mara zingine nilisema amina. Kumbe mutoto alikuwa pembeni anasikiliza, na aliibeba ile miaka yote.

Nilimwambia sijui. Nilisema mama hajui, unipe siku. Naona hapa bazazi wengi tunaogopa, tunazani tukisema "sijui" mutoto atapoteza imani, tunatafuta jibu yoyote tunabandika pale. Ilinikula siku tatu. Nilisoma ku soko kati ya mukiliya na mukiliya, Biblia ya karatasi ju mega za internet ku telefone zilikuwa zimeisha, benzangu banacheka banasema leo kikwembe inauzishwa na unabii. Na nikaipata mu Luka 13. Batu 18 balianguliwa na munara ku Siloamu bakakufa, na Yesu anauliza bale balimuzunguka: munazani bale balikuwa bakosaji kupita batu bote benye banakaa Yerusalema? Na anajibu mwenyewe: sivyo. Ni kweli anaendelea kusema mutubu, sikuficha ile sehemu, lakini anaisema kwa bote, si kwa bale munara ilianguka juu yabo.

Nilimusomea ile pa njia ya ziwa, tukienda kuchota maji, kila mutu na kibidoni yake ya njano. Hakusema kitu mingi. Akauliza kama bale 18 kulikuwa batoto ndani. Nikasema haikuandikwa. Tukaendelea kutembea.

Kama ningekuwa bado na Zaburi 119 yangu, ile swali hangeuliza. Mutoto hapeleke swali kwa mutu mwenye anamupima.

Na ule kijana wa mistari 40? Ilichukua wakati. Mwezi muzima alikuwa anakaa mbali na mbabula, anajifanya kufanya devuari ya masomo. Nilimuomba musamaha, kwa kweli, nikapiga magoti kidogo, akacheka ju ya haya. Kile kilimurudisha si mimi, ni mbwa. Tate yao, mama ya baba yao, ni mukatolika, na Biblia yake ni nene kupita yetu, iko na bitabu 73, yetu 66. Kijana akauliza mbona ya tate ni kubwa, je ya kwetu bamekata? Mimi nikaogopa itakuwa vita ya makanisa mu nyumba. Tate hakugombana na mutu, akaifungua kwa Tobia, akamusomea vile kijana anaenda safari na malaika mwenye hajulikane, na mbwa yao inafuata nyuma. Mbwa! Ile mbwa haifanye kitu, inafuata tu. Lakini toka siku ile kijana njo anakuja kwanza, anakaa karibu na moto, anauliza leo kuko munyama ndani?

Kwa hiyo juma hii nilichagua Yona. Sura 4 tu, na munyama iko. Ule wa mwisho, mwenye anajua samaki ni sambaza, alikataa kabisa kama samaki inaweza kumeza mutu, tukapoteza jioni nzima hapo. Jana tulimaliza. Yona amekasirika chini ya kivuli, na Mungu anamuuliza kama Yeye asiuhurumie Ninawi, muji yenye batu kupita 120,000 benye hawajui mukono wa kuume na wa kushoto, na banyama pia bengi. Na kitabu kinaishia pale, ku swali.

Kijana akangoja. Alafu: na Yona alijibu nini?

Nikamwambia haikuandikwa, imeisha.

Akachukua Biblia mu mikono yangu, akageuza ukurasa mbele, akageuza nyuma, akaangalia kama kuko karatasi ilipasuka. Maji ilikuwa inachemuka, nikaanza kutia unga. Nilipogeuka hakuwa pale tena. Alikuwa amekimbia kwa tate, kuangalia kama mu ile ya kwake nene Yona alijibu.