Kujiamini Bila Hatimiliki

Hapa Kisumu ni nadra siku hizi wikendi ipite bila kongamano la kuwatia moyo wanawake. Hufanyika katika kumbi za makanisa, katika hoteli za Milimani, na hata chini ya hema kule Ahero na Maseno, na mafundisho yake hufanana: jipende, jiamini, weka malengo, usikubali kudharauliwa. Mimi huyahudhuria na siyabezi, kwa sababu nimewaona wanawake wakisimama mbele ya wenzao kusema kwa mara ya kwanza jambo walilolificha kwa miaka. Hata hivyo, kadiri ninavyozidi kuyasikiliza ndivyo ninavyoamini kwamba tumeanza safari kutoka upande usiofaa. Tunamhimiza mwanamke ajiamini ilhali nyumba anamolala, shamba analolilima na mashua inayomletea samaki wa kuuza vyote viko mikononi mwa mtu mwingine. Kisha anaposhindwa kumkatalia mtu huyo lolote, tunasema hajakomaa kifikra.

Tuitazame biashara ya samaki, ambayo ndiyo inayolisha familia nyingi za kandokando ya Ziwa Viktoria. Kwa desturi wanaume ndio huvua, nao wanawake hununua, hukausha na kuuza. Samaki walipopungua na wanunuzi wakazidi kuwa wengi, mvuvi alipata uwezo wa kuchagua amuuzie nani, na hapo mtindo wa jaboya ukakita mizizi: mwanamke alipe pesa, na juu ya pesa hizo atoe mwili wake ili asikose samaki kesho. Ukimwi uliacha makaburi mengi katika fuo hizo, nasi kwa muda mrefu tulijibu kwa mahubiri na mabango. Wanawake wa ufuo wa Nduru, huko Nyakach, walijibu kwa njia tofauti. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 walianza kupata mashua zao wenyewe kwa msaada wa wafadhili, wakawaajiri wanaume wavue, na kikundi chao wakakipa jina lililotangaza bila kificho kwamba hapatakuwa tena na ngono kwa ajili ya samaki. Walikuwa wanawake walewale wa jana, wenye elimu ileile na hofu zilezile. Kilichobadilika ni mwenye mashua, kwa kuwa mwenye mashua ndiye anayeamua samaki waende kwa nani.

Sidai kwamba mali ni dawa ya kila ugonjwa. Mashua ya mbao huoza na huhitaji fedha za kuitengeneza, na mwaka wa 2020 ziwa lilipofurika, maji yaliufunika ufuo huohuo wa Nduru na kuwahamisha wakazi wake. Wapo waliosema kwamba juhudi zile zilikuwa bure. Mimi naona kwamba mtu aliyepokonywa mashua na mafuriko anahitaji mashua nyingine, wala hahitaji somo jipya la uvumilivu.

Katika nchi kavu jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa linahusu ardhi. Ukisoma sheria za Kenya peke yake unaweza kudhani kwamba vita vimekwisha. Sheria ya Mirathi, ambayo ilianza kutumika mwaka wa 1981, haitofautishi mtoto wa kike na wa kiume, wala binti aliyeolewa na asiyeolewa. Katiba ya 2010 inaagiza, katika Kifungu cha 60, ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi. Hata kabla ya Katiba hiyo, mwaka wa 2005, Mahakama ya Rufani ilipokea kutoka Eldoret kesi ya familia ya Rono, ambapo Mahakama Kuu ilikuwa imewapa wana wa kiume ekari 30 kila mmoja na mabinti ekari 5 kila mmoja, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba mabinti huenda wakaolewa. Majaji wa rufani walikataa hoja hiyo, wakaamuru watoto wote wagawiwe sawa.

Kati ya hukumu hiyo na boma la kawaida la Siaya au Vihiga pana ofisi ya chifu. Familia inapofiwa, mahakama huhitaji barua ya chifu inayowataja warithi wa marehemu, na mara nyingi barua hiyo huandikwa kwa maelezo ya kaka mkubwa, huku dada zake wakiwa wamekwisha kurejea kwao Nakuru au Nairobi baada ya mazishi. Tangazo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo sijawahi kuliona sokoni Kibuye wala popote wanapopita akina mama, na siku 30 za kuweka pingamizi huisha kimya. Kwa hiyo binti huondolewa na orodha ya majina tu, wala hapahitajiki jaji wa kumbagua.

Najua jibu la akina kaka, na si jibu la kupuuzwa: shamba ni dogo, nalo likikatwa kwa watoto wote halitamlisha yeyote. Ni kweli kwamba katika sehemu nyingi za magharibi ardhi imegawanywa mpaka imebaki vipande. Lakini udogo wa shamba hauelezi kwa nini wanaokatwa wawe wasichana daima. Familia inaweza kukubaliana kumfidia mmoja kwa fedha au kuliacha shamba likiwa la wote, na binti anaweza pia kuliachilia fungu lake kwa hiari. Nawafahamu kadhaa walioliachilia. Walipoulizwa sababu, hawakuzungumzia ukarimu. Walisema: nikidai, nitarudi kwa nani siku ndoa itakaponishinda? Mwanamke aachiliapo haki yake kwa kuogopa kupoteza mlango wa kwao, hiyo siwezi kuiita hiari, na hapo ndipo mafundisho ya kujiamini yangekuwa na kazi ya maana.

(Hatukosi wanawake wa kutazamwa. Grace Onyango alikuwa meya wa Kisumu tangu 1965, na mwaka wa 2022 Homa Bay na Nakuru zilichagua magavana wanawake. Tunawapigia vigelegele, kisha tunarudi nyumbani kugawa shamba kama babu alivyoligawa.)

Kongamano lijalo, basi, ningependa liwe na meza ya msaada wa kisheria kando ya jukwaa, yenye fomu za mirathi na mtu wa kuzieleza kwa Kijaluo, Kiluhya na Kiswahili. Chifu naye aalikwe, si kufungua kikao kwa maombi na kuondoka, bali kukaa mpaka zamu ya maswali ifike, atueleze anawatambuaje warithi wa marehemu na kwa nini anatia sahihi barua yenye majina ya wana wa kiume peke yao.