Barafu ya Profesa

Mashine zikigoma mbele ya wageni hunoga, ila leza yetu ya Raman, ile inayorefusha wimbi la mwanga kwa kuupitisha ndani ya fuwele, iligoma kwa madaha. Ilikuwa kiangazi, Ujerumani, kiyoyozi cha maabara kimekufa na hewa imejaa unyevu. Wafadhili walikuja kuona fuwele ya nitrati ya bariamu ikigeuza mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064 kuwa wa 1197. Yote miwili haionekani kwa macho, na mfadhili hatoi hela kwa asichokiona, kwa hiyo tukaweka fuwele ya pili ya kupunguza urefu wa wimbi kwa nusu. Ukutani likawaka doa la rangi ya machungwa.

“Ongeza,” Profesa akaninong'oneza. Nikaongeza, likang'aa. “Ongeza tena.” Likafifia. Akanikodolea macho utadhani nimelimeza.

“Bwana mdogo,” akasema kwa Kiswahili kaka mmoja wa Mombasa aliyenitangulia pale, “mwambie mzee wako fuwele ina homa.”

Kweli tupu. Mwanga ukigeuka hivyo, takriban sehemu 11 kati ya 100 za nishati yake hubaki ndani ya fuwele kama joto, na nitrati ya bariamu hupitisha joto kwa shida. Katikati panazidi joto kuliko kandoni, fuwele inakuwa lenzi mbonyeo, mwanga unatawanyika. Kuongeza nguvu ni kuongeza homa.

Nilipomweleza Profesa alisikia neno moja tu: joto. Akakimbilia friji. Huku nyuma kaka akateremsha nguvu kimyakimya, doa likarudi. Profesa akabandika mfuko wa barafu kwenye kishikio cha fuwele, akaona doa, akajipongeza. (Barafu inapoza nje, tatizo ni tofauti ya nje na katikati. Lakini nani amwambie?)

Kisha umande ukaanza kutua. Nitrati ya bariamu ni chumvi, huyeyuka majini. Uso wake uliosuguliwa kwa ustadi ukawa kama pipi iliyomumunywa. Doa likaaga.

“Wallahi, ashaifanya sharubati!” kaka akasema. Nikazima leza. Mgeni mmoja akanyoosha kidole agusie ule unyevu, tukapiga kelele kwa lugha tatu kwa pamoja, maana ni sumu.

Profesa akajifuta jasho, akatabasamu.

“Mabibi na mabwana, almasi hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko hii, wala haiyeyuki. Bei yake mtaikuta mwishoni mwa ombi letu.”