Safari ya Kikoba na Manowari ya Bomba Tatu

Kikoba cha mke wangu kilitaka safari ya kufunga mwaka. Yeye ndiye katibu, basi mimi shemeji wa wote nikapewa kazi ya kuwasimulia historia bure, kwa ahadi ya sahani ya pilau. Tukapanda boti ya injini Kigamboni, akina mama, kreti ya soda na lile sufuria kubwa, tukaelekea kwenye mikoko ya Mzinga.

Mbele ya Kivukoni mambo yalikwenda vizuri. Niliwaonyesha bandari ilikoingia Königsberg mwezi Juni 1914, meli ya vita ya Wajerumani ambayo wazee wetu waliiita "manowari na bomba tatu", kwa dohani zake tatu za moshi. Nikawapa na kisa cha Zanzibar: Vita Kuu ya Kwanza imeshaanza, alfajiri ya Septemba 20, 1914 Wajerumani hao waliikuta manowari Pegasus ya Waingereza imetia nanga, mitambo inatengenezwa, wakaipiga mizinga mpaka ikazama. Akina mama wakapiga vigelegele. Sijui walikuwa upande wa nani. Nadhani walishangilia kipigo tu.

"Baada ya hapo," nikasema, "injini yao ikaharibika, wakajichimbia delta ya Rufiji, ndani ya mikoko kama hii..."

Kwaruuu! Boti ikasimama.

Nahodha akachungulia maji. "Yanakupwa. Tungoje yajae."

"Yatajaa saa ngapi, baba?"

"Yakijaa mtayaona."

Jua la saa saba, kivuli hakuna. Mama Mwenyekiti akaniambia, "Endelea, shemeji, tupitishe muda."

Nikaendelea. Waingereza waliziba midomo ya mto. Makaa ya mawe yakaadimika, na meli iliyotumwa kutoka Ujerumani kuwaletea ikaishia Manza, kule Tanga. Mabaharia, vijana wa nchi ya baridi, wakalala chini kwa malaria.

Mwenyekiti akajipiga kofi mkononi, akamtazama mbu aliyemuua. "Malaria umesema?"

"Kwa wingi, mama. Na vifaa vya boila wakavituma nchi kavu hadi karakana za hapa Dar es Salaam, vinavutwa na watu kwa mikono, halafu vikarudishwa vivyo hivyo."

Macho yote yakageukia injini ya boti. Nahodha akaikumbatia. "Msithubutu."

"Sasa shemeji," akauliza mweka hazina, "hao Wajerumani mwishowe walitokaje?"

"Hawakutoka."

Mke wangu akanikanyaga mguu, lakini swali lilishaulizwa. Julai 1915 Waingereza wakaleta Severn na Mersey, meli zisizohitaji maji mengi, zilizoundwa kwa ajili ya mito ya Brazil, na ndege juu ya kuelekeza mizinga. Tarehe 11 manowari ikawa imekwisha. Mabaharia wakaopoa mizinga yao kumi ya sentimita 10.5, wakaingia porini kupigana kwa miguu.

"Basi na sisi kwa miguu!" Mweka hazina akapandisha khanga, akashuka.

Tope likammeza hadi magotini. Tukamvuta watatu upande mmoja, boti ikalala upande huohuo, na sufuria la pilau likateleza taratibu, bila haraka, kama bibi harusi anayetoka ukumbini. Pu!

Hakuna aliyesema kitu. Kaa wa mikoko walifika kabla hatujamaliza kuomboleza, tena walianza na nyama.

Mweka hazina tulimpata, kandambili moja hatukuipata. Giza lilipokaribia maji yakajaa, boti ikaelea, injini ikakohoa ikawaka. Hapo Mwenyekiti akafungua daftari la kikoba.

"Katibu, andika. Shemeji, faini elfu tano, kutia wanachama hofu. Nahodha, elfu kumi, kuchelewesha wanachama."

"Mama unasemaje?" nahodha akapiga kelele, mkono sikioni. "Sisikii, injini hii!"

Mwenyekiti akamwambia aizime. Akakataa katakata, akaongeza moto mpaka Kigamboni.