Neno "Kujiuza" Linasema Uongo

Tuna neno tunalolitamka kila siku bila kulitazama: kujiuza. Fulani anajiuza. Hiyo "ji" ya katikati inasema kilichouzwa ni yeye mwenyewe, mzima mzima, na kitu kikishauzwa si chako tena. Lakini jirani yangu ninayeandika habari zake hapa hurudi kwake alfajiri, huoga, humwamsha mwanawe aende shule, kisha hulala. Hakuna aliyeondoka naye. Alichouza ni huduma na saa zake. Mpagazi hushinda kutwa na gunia mgongoni, na sijamsikia mtu akisema kwamba amejiuza.

Siku moja nilimsindikiza jirani huyo kliniki. Homa ilikuwa imempanda hadi anayumba akiwa ameketi. Karani akauliza jina, umri, kazi.

"Biashara," akajibu.

"Biashara gani?"

Kimya. Karani akainua macho, akazitazama kucha zake, akautazama mkoba, kisha akamgeukia mwenzake na kusema kwa sauti iliyofika benchi la nyuma: "Ni wale wale." Shingo zikageuka. Dada yule akaufunga mtandio wake upya, taratibu, akainuka. Dawa hakupata siku ile.

Mtu akiniambia unyanyapaa ni maneno tu, namkumbuka vile alivyoufunga ule mtandio. Na maneno hayaishii kwenye benchi la kliniki. Mwaka 2003 huko Marekani, Gary Ridgway alikiri mahakamani kuwaua wanawake 48. Alieleza kwamba aliwalenga makahaba kwa sababu aliamini hakuna atakayeharakisha kuripoti kwamba wametoweka. Alijua jamii imeshawapa jina la kuwafanya wasitafutwe. Tangu mwaka huohuo, kila tarehe 17 Desemba, wafanyakazi wa ngono katika nchi nyingi hukusanyika kuwakumbuka wenzao waliouawa.

Wenyewe hawakungoja sisi tuwatafutie jina. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Carol Leigh, aliyekuwa akiifanya kazi hiyo, aliingia kwenye mkutano wa wanawake huko San Francisco na kukuta kikao kimoja kimepewa kichwa kinachotaja "matumizi" ya ngono. Akajiuliza ataketije sawa na wanawake wenzake chini ya maandishi yanayomfanya kitu cha kutumiwa. Akapendekeza iitwe kazi. Hapo ndipo ilipotoka "kazi ya ngono", kwa mtu aliyetaka kiti sawa na wengine.

Miaka michache kabla yake, tarehe 2 Juni 1975, wanawake zaidi ya mia moja waliingia katika kanisa la Saint-Nizier mjini Lyon, Ufaransa, wakakataa kutoka. Walichoshwa na faini za polisi, vifungo, na mauaji ya wenzao ambayo hakuna aliyeyashughulikia. Kinachonigusa zaidi ni bango walilotundika, lililosema kwamba watoto wao hawataki mama zao wafungwe. Siku ambayo macho yote yaliwaelekea, jina walilolitanguliza lilikuwa mama.

Hata neno malaya, ambalo leo hurushwa kama jiwe, halikuwa hivi siku zote. Nairobi ya wakati wa ukoloni, wanawake waliokuwa katika biashara hiyo walijigawa wenyewe. Watembezi walizunguka barabarani, wazi-wazi walikaa mbele ya milango yao, na malaya alikuwa yule anayengoja chumbani mwake kwa staha, bila kuwasumbua majirani. Lilikuwa jina la mtu anayejiheshimu.

Jirani yangu na wenzake bado huitana hivyo. "We malaya, umenitoroka jana!" na vicheko juu. Siku moja nami nililirudia, nikidhani urafiki umenipa kibali. Vicheko vikakatika. Akaniambia bila hasira, "Hilo ni la kwetu, dada." Niliona aibu, na nilistahili kuiona. Wao wanalibeba kwa sababu wamepigwa nalo. Mimi halijawahi kunigonga.

Mimi huandika "mfanyakazi wa ngono" kwa kuwa ndilo vyama vyao vingi vimelichagua. Nakubali ni refu na linanuka ofisi. Wengine hawalitaki kabisa. Wapo wanaosema tu "niko kazini", na wapo wasiotaka kuitwa chochote kwa sababu wanaipitia kazi hii hadi kodi ya nyumba ilipwe. Hilo nalo ni chaguo lao.

Kuna wanaosema neno "kazi" linapamba uovu. Nawaelewa wanachokiogopa. Mtoto hawezi kuwa mfanyakazi wa ngono. Mtoto anabakwa, na lazima isemwe hivyo. Aliyefungiwa ndani na kulazimishwa ni mateka. Ndiyo maana nataka majina yaliyo sahihi: ukiwaita wote "wale wale", hutamwona yupi anahitaji kuokolewa na yupi anahitaji tu kuhudumiwa kama mgonjwa mwingine.

Siku mbili baada ya yale ya karani, nilimbembeleza jirani yangu twende kliniki nyingine. Alikubali kwa shingo upande. Muuguzi alikuwa mama mtu mzima, miwani puani, kalamu mkononi. Akafika kwenye swali lile. Nikahisi vidole vya dada yangu vikinikaza mkono.

"Kazi yako, mwanangu?"

"Ya usiku. Ya ngono."

Mama yule akaandika. Kisha, bila kuinua kichwa, akauliza, "Na homa imeanza lini?"