Kuacha sigara ukiwa na miaka hamsini

Baba mdogo ana miaka 53, na sigara alianza kuvuta akiwa kidato cha tatu. Jumapili alikuja kwetu ghorofa ya tatu na mfuko wa viazi. Nilimkuta amesimama katikati ya ngazi, kiganja ukutani, mabega yakipanda na kushuka. Nilipomsihi aache sigara akanijibu, "Mwanangu, mapafu yalishaungua zamani. Niache sasa ili iweje?"

Jibu hilo nalisikia kwa wengi wa rika lake, na linaniuma kwa sababu si kweli.

Mapafu ya kila mtu hupungua nguvu kadiri umri unavyokwenda, hata ya asiyevuta. Sigara ndiyo huharakisha kupungua huko. Mwaka 1986, Marekani na Kanada, ulianza utafiti wa wavutaji karibu 6,000 wa miaka 35 hadi 60 ambao njia zao za hewa zilishaanza kubana. Walipimwa hewa wanayoweza kupuliza ndani ya sekunde moja. Baada ya miaka 11, wanaume walioendelea kuvuta walikuwa wakipoteza mililita 66 kila mwaka, na walioacha mililita 30. Tofauti hiyo kwa miaka 11 inakaribia mililita 400, zaidi ya chupa ya soda. Kilichopotea hakirudi, lakini kilichobaki kinaokoka.

Na kwa madaktari wa Uingereza ambao mtafiti Richard Doll na wenzake waliwafuatilia tangu 1951, aliyeacha akiwa na miaka 50 alijiongezea takriban miaka 6 ya kuishi. Hata wa miaka 60 alipata kama 3.

Sasa, huku kwetu presha inapimwa hadi kwenye mikutano ya mtaa. Pumzi je? Kikohozi cha asubuhi tunakiita "cha sigara" na kukizoea, kumbe mapafu yana akiba kubwa, na mtu akianza kuhema ngazini sehemu kubwa imeshakwenda. Zahanati niliyompeleka walimpima presha na sukari. Nilipouliza kipimo cha pumzi wakatuelekeza hospitali ya rufaa. Kipimo chenyewe ni kuvuta hewa hadi mwisho, kisha kuipuliza yote kwa nguvu kwenye mrija. Kwa mvutaji aliyefika miaka 40, naona kingekaa meza moja na cha presha.

Tumepangiwa Alhamisi. Nataka aione mwenyewe namba yake kwenye karatasi, na mwakani tuilinganishe.