Mzee anasahau: picha ya kichwa itasema nini?

Bibi akianza kupotea njia aliyoipita miaka yote, familia nyingi za Tabora hugawanyika. Watoto walioko mjini wanataka apigwe CT scan, picha ya ndani ya kichwa, haraka. Waliobaki naye Sikonge au Urambo wanasema ni uzee, hela ya tumbaku isiishie kwenye mashine.

Wanaotaka picha wana hoja nzito. Mzee akianguka, damu inaweza kuvujia taratibu kati ya fuvu na ubongo, na wiki kadhaa baadaye akaanza kuchanganyikiwa. Uvimbe nao huweza kuleta hali hiyo, na maji yaliyojaa kichwani vilevile. CT scan huviona, na baadhi hutibika. Kwa hiyo aliyebadilika ghafla, anayeburuta mguu au aliyepata degedege ukubwani, asicheleweshwe. Makovu ya kiharusi nayo huonekana, yakaelekeza kwenye demensia (ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu na fikra) ya mishipa ya damu, na hapo kudhibiti presha ndiyo kazi kubwa.

Ila Alzheimer, aina ya demensia inayobeba asilimia 60 hadi 70 ya demensia duniani, mwanzoni inaweza kutoa picha safi kabisa. Hata MRI, picha ya mashine ya sumaku inayoonyesha vizuri zaidi kusinyaa kwa sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu mpya, haitoshi peke yake. Demensia ya miili ya Lewy (vijibonge vya protini ndani ya ubongo) ndiyo inategemea zaidi masimulizi ya anayelala nyumba moja na mgonjwa: anaona watoto wasiokuwepo, asubuhi yuko timamu na jioni hayupo, anarusha ngumi usingizini. Isipotambuliwa, akapewa haloperidol, dawa ya magonjwa ya akili, ili atulie, anaweza kukakamaa, hata kufa.

Ndiyo maana naona yaanze maelezo ya ndugu, presha, sukari, na vipimo vya damu vya VVU, kaswende, tezi ya shingo na vitamini B12. Picha ifuate ikiwa na swali la kujibu.

Kinachoniuma zaidi ni majibu yenyewe. Kanda hii akina bibi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na anayezunguka usiku bila kujijua yuko hatarini. Picha yenye makovu humtetea mbele ya majirani. Picha safi huweza kumgeuka: hospitali hawakuona kitu, basi ana mambo yake. Daktari asiishie kusema “yuko sawa”. Awaambie ndugu wote waliokuja: hatukuona damu wala uvimbe, lakini bibi anaumwa, ugonjwa wake ni huu, na usiku asiachwe peke yake.