Si kwamba vijana hawapendi historia

Makala moja inadai vipindi vya historia kwenye televisheni hutazamwa na wanaume wazee kwa sababu vijana hawaipendi historia. Sikubali. Chaneli huchagua mtazamaji kwanza, mada baadaye: vifaru, manowari, Hitler. Ile ya History, iliyoanza Marekani mwaka 1995, ilibandikwa hadi jina la utani la “chaneli ya Hitler”.

Halafu kuna marudio. Kwenye chaneli yenye matangazo ya biashara, kipindi cha saa moja hubaki na dakika 42 hadi 44 hivi, na kila tangazo likiisha msimulizi anaanza kukukumbusha uliyoyaona dakika tano zilizopita. Aliyezoea kuruka mbele kwenye simu atavumilia vipi?

Picha za kale ndizo zinazoumiza zaidi. Filamu ya 4:3 (upana kwa kimo, umbo la picha za zamani) ikikatwa juu na chini ijaze skrini pana ya leo ya 16:9, robo nzima ya picha imekwenda. Askari anabaki hana kofia wala buti. Filamu bubu ya fremu (picha moja moja) 16 kwa sekunde ikichezeshwa kwa 25, watu wanatembea kama wamefukuzwa na nyuki. Na ile milio ya mizinga? Mingi imepachikwa studioni, maana kamera nyingi za vitani hazikurekodi sauti.